Kalamu ya Mpira ya Mwalimu Haruna

Watoto wa siku hizi ukiwatajia kalamu ya mpira wanakutazama kama mtu anayewatania. Mpira wanaoujua wao ni wa kupiga teke au wa kumwagilia mchicha. Kalamu kwao ni peni, ikikauka inatupwa jalalani na dukani zimejaa nyingine. Lakini pale Mchinga, mtaa wa nyuma ya msikiti, mtu mzima yeyote aliyewahi kuugua anaijua kalamu ya mpira, kwa sababu maandishi yake ameyanywa.

Ilikuwa kalamu ya wino ya kizamani, nyeusi, nene kama kidole gumba, yenye kifuniko cha kuzungusha na kijichuma chembamba kilicholala ubavuni mwake. Tumboni ilikuwa na kimfuko cha mpira. Ukichovya nibu ndani ya wino, ukakiinua kile kijichuma kwa ukucha, mpira unabanwa. Ukikilaza tena, mpira unajitanua na kuuvuta wino juu. Hapo zamani madukani Lindi kulikuwa na kalamu za kuchovya, ambazo kila neno la pili unarudi kichupani, na kulikuwa na hizi za mpira, za watu wenye mishahara yao. Watu wakaziita kwa jina la kile kilichofichwa ndani, ambacho mwenye kalamu mwenyewe anaweza kufa hajakiona.

Mwalimu Haruna hakuwa na mshahara. Alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, na kalamu aliachiwa na mwalimu wake wa kule Kikole. Tangu ilipoingia mkononi mwake haikuonja wino wa dukani. Ilijazwa zafarani, na kazi yake ilikuwa moja tu, kuandika kombe. Aya ziliandikwa juu ya sahani nyeupe ya kauri, zikaachwa zikauke, kisha zikaoshwa kwa maji na marashi, na mgonjwa akapewa yale maji anywe. Wapo waandishi wanaotumia rangi ya pilau na kuwaambia watu ni zafarani. Mwalimu Haruna akisikia habari zao alikuwa akitema mate pembeni, halafu anaomba msamaha kwa kutema mate.

Kazi yenyewe ilikuwa ya watu wawili, ingawa sifa zilikwenda kwa mmoja. Mkewe, Adija binti Twalib, ndiye aliyekuwa akisaga zafarani, akailoweka katika marashi, akaichuja kwa kitambaa chepesi ili chembe zisije zikaziba nibu. Ndiye aliyeosha sahani na kuzifuta mpaka zisiwe na hata alama ya mafuta, maana kwenye mafuta zafarani haishiki. Mumewe akishamaliza kuandika, yeye ndiye aliyeiosha ile kombe na kuitia chupani. Na jioni aliisuuza kalamu, yale maji ya kusuuzia akayamwaga kwenye shina la mkomamanga, mahali pasipokanyagwa na mtu. Alifanya hivyo tangu ni mwari aliyetoka kuolewa mpaka mvi zikajaa kichwani, na wala haikumpitia akilini kwamba kuna kitu kinapotea.

Wazo hilo likaja kumpitia mwaka jana. Mwalimu alikuwa ameanza kuugua kifua, na mkono wake wa kuandikia umeanza kutetemeka. Siku moja Adija alikuwa anaosha sahani ya mgonjwa mmoja, akaiona herufi ya mwisho, ile nuni ambayo mumewe aliikunja kwa namna yake kama kibakuli kilichoinama, ikilegea, ikitambaa, ikageuka maji ya manjano. Akajiuliza, nyumba hii ina mwandiko gani wa Haruna? Akatafuta kwa mawazo chumba hadi chumba. Mbao za wanafunzi zilifutwa kila wiki. Msahafu ulikuwa wa kupigwa chapa. Kwa herufi za kizungu mumewe alikuwa anatia mkwaruzo wa sahihi tu, na mikwaruzo ya watu wote inafanana. Mtu ameandika umri wake wote, na yote yamekwenda matumboni mwa watu.

Jioni hiyo akamwekea karatasi safi mbele yake.

"Baba Abdala, niandikie kitu."

"Kitu gani?"

"Chochote. Jina langu."

Mwalimu akacheka mpaka kikohozi kikamshika. "Bibi wee, unataka kunitundika ukutani na mimi bado napumua? Au umeanza kunisahau, unataka kumbukumbu?"

"Nataka tu."

"Mwandiko wangu si wa kutazamwa, mama Abdala. Ni wa kunywewa. Ukitaka kunitazama, si huyu hapa nimekaa?" Akairudisha ile karatasi kwa kidole, taratibu, kama mtu anayerudisha chakula asichokipenda. Adija alikasirika. Alikasirika kweli, usiku huo akala peke yake jikoni, na mzee wa watu hakujua kosa lake ni lipi.

Kalamu nayo ikafuata afya ya mwenyewe. Mpira wa ndani ulipasuka. Mwalimu alikuwa ameitia mfukoni mwa kanzu, na alipotoka msikitini kifua chote kilikuwa cha manjano, watu wakadhani amemwagiwa mchuzi. Akakaa barazani akaifungua, akaona kile kimfuko kimekauka na kukatika vipande vipande. Mwana wao, Abdala, alipopigiwa simu Dar es Salaam, akasema asihangaike, mjini mafundi wa vitu vya kale wapo, aingoje sikukuu ya Idi yeye atakapokuja. Mwalimu hakungoja Idi. Akaanza kuichovya kwenye kikombe cha zafarani, andika neno, chovya, andika neno.

"Tazama makubwa haya," akamwambia mkewe. "Kalamu ya mpira imekuwa ya kuchovya. Imeshushwa cheo uzeeni."

Adija akacheka, kwa sababu mumewe alitaka acheke.

Kombe ya mwisho ilikuwa ya Adija mwenyewe. Kwa kukesha na mgonjwa, moyo wake ulikuwa ukienda mbio ovyo, na mikono ikipoa ghafla. Mwalimu aliliona hilo ingawa yeye ndiye aliyekuwa kitandani. Asubuhi moja akaomba aketishwe, akaegemezwa kwa mito, akaitisha sahani. Kila kitu Adija alikitayarisha kama kawaida. Mkono ulitetemeka mpaka nibu ikawa inagonga sahani. Sehemu moja alichovya ikazidi, pakaanguka tone nene. Akalitazama, akalivuta kwa ncha ya kalamu mpaka likawa sehemu ya herufi. Alipomaliza alikuwa ametokwa jasho.

"Ikikauka, ioshe unywe. Usinifie wewe kabla yangu, nani atanichujia zafarani?"

"Nitakunywa."

Hakunywa. Aliingia chumba cha pili, akasimama na ile sahani mikononi, na alijua kabla hajavuka kizingiti kwamba haitaoshwa. Akaiweka juu ya kabati, akaifunika kwa kawa ya ukindu. Adhuhuri Mwalimu akauliza, umekunywa? Akajibu, nimekunywa. Moyo umetulia? Umetulia. Mzee akafumba macho, ameridhika. Siku ya pili yake akafariki, saa ambayo wanafunzi wake walikuwa wanaimba herufi barazani.

Matanga yalijaa watu, wa Mchinga na wa Lindi na wengine kutoka Sudi ambao Adija hakuwajua hata kwa sura. Kila mmoja alikuwa na habari yake ya kombe. Na kila mmoja, kwa adabu au bila adabu, aliiulizia kalamu. Kibwana, mwanafunzi mkubwa wa marehemu, aliiomba waziwazi. Mwingine alitaka aguse tu. Abdala akaona itazuka fitina. Siku ya kuondoka akaitia kwenye mfuko wa shati na kusema anakwenda kuitafutia mpira. Watu wakanung'unika kwamba mjane amepokonywa kumbukumbu ya mumewe. Mjane mwenyewe hakuona amepokonywa kitu. Kalamu, hata ikitiwa mpira mpya, itaandika mwandiko wa atakayeishika. Yeye alikuwa nacho anachokitaka, na hakuna aliyejua.

Akaingia eda. Akavaa nyeupe, akakaa ndani, wanawake wakawa wanakuja na kwenda. Kila siku nyumba ikitulia aliishusha ile sahani, akafunua kawa, akatazama. Alizijua herufi zote, zile zilizonyooka na zile zilizoyumba, na lile tone ambalo mumewe aliliokoa. Hakuigusa kwa kidole, asije akaifuta. Alipata utulivu mkubwa hapo, na wakati huohuo alipata aibu, kwa sababu neno la mwisho alilomwambia Haruna na likamfurahisha lilikuwa la uongo.

Jirani wa nyuma aliitwa Somoe. Nyua zao zilitenganishwa na ua wa makuti, na ua huo ulikuwa na upenyo uliotobolewa na kuku, ukapanuliwa na watoto, mwishowe hata watu wazima wakawa wanapita hapo. Binti wa Somoe, Zakia, alisoma kwa Mwalimu Haruna tangu ana meno ya utoto. Aliolewa Lindi, na mimba ya kwanza ilipofika miezi yake akarudi kujifungulia kwa mama yake, kama wanavyofanya.

Asubuhi moja Somoe akaingia kwa ule upenyo bila hodi, kanga imemlegea.

"Mama Abdala, mtoto ana uchungu tangu jana na hakuna dalili. Gari limekwenda kuitwa tumpeleke hospitali. Nisaidie mwenzangu. Mwalimu hakuacha kitu? Hata chupa iliyobakia kombe chini?"

Adija alikuwa anachambua mchele. Akaendelea kuchambua.

"Kibwana je?"

"Kibwana yuko Kilwa, amekwenda kwenye maulidi. Nimekwishatuma mtu. Hata maji ya kusuuzia kalamu, dada yangu. Hata hayo ningempa."

Juu ya kabati, nyuma ya mlango uliokuwa wazi, kawa ilionekana kipande. Somoe angegeuza shingo angeiona. Lakini kawa si kitu cha kumshangaza mtu, kila nyumba inazo. Adija alisikia midomo yake ikisema, "Kalamu kaichukua Abdala."

Ilikuwa kweli. Ndiyo maana ilitoka kirahisi.

"Basi," akasema Somoe. "Basi, niombee dua." Akarudi alikotoka, na makuti yakatikisika nyuma yake.

Gari lilisikika likija, milango ikafungwa, likasikika likiondoka. Adija aliuchambua ule mchele mpaka hapakuwa na cha kuchambua, akaanza upya. Alijiambia kwamba kombe si gari wala si daktari. Alijiambia Zakia ni msichana mwenye nguvu zake. Alijiambia mambo mengi, na mengi yalikuwa ya kweli kama lile la kalamu.

Alasiri wakaleta habari. Zakia mzima. Mtoto, mwanamume, alitoka amekwishakufa. Wauguzi walihangaika naye sana, wanawake walioleta habari walikuwa wanawasifu. Wanaume wa ukoo wakamchukua wakamzika siku hiyohiyo. Mwanamke mmoja akasema riziki haikuwepo, wengine wakaitikia, na Adija akaitikia pamoja nao.

Mimi sisemi kombe ingemwokoa. Sijui. Hata Mwalimu Haruna akiulizwa alikuwa akijibu kwamba yeye anaandika tu, mponyaji ni mwingine. Lakini Adija hakuwa anauliza habari za uponyaji. Yeye alikuwa anajua kwamba mtu alikuja kuomba maji, na yeye alikuwa nayo, akasema hana. Kwa watu wa kwetu hilo halina jina zuri.

Zakia alirudishwa kwa mama yake akakae arobaini yake, arobaini ya mzazi asiye na mtoto. Kukawa na wanawake wawili wamefungiwa ndani, mmoja kwa eda, mmoja kwa uzazi, na katikati yao ua wa makuti. Adija aliposhusha sahani siku ile akaona herufi zilezile, na hazikumpa utulivu wowote. Siku iliyofuata hakuishusha. Alikuwa akiingia chumbani akitazama sakafu. Chakula kilimshinda. Moyo ulirudi kwenda mbio, uleule ugonjwa ambao kombe ilikuwa imeandikiwa.

Hatimaye akainuka asubuhi kweupe, akachanganya maji na marashi kwenye bakuli, akachukua sahani kwa mkono wa pili, akapita kwenye upenyo na nguo zake nyeupe za eda. Msichana aliyekuwa anafua uani kwa Somoe alisimama na povu mikononi. Adija akampita.

Zakia alikuwa amekaa kitandani, kafungwa kanga kifuani kwa nguvu ili maziwa yakauke. Hayakuwa yamesikia. Kanga ilikuwa imelowa pande zote mbili.

"Shikamoo bibi. Si uko edani wewe?"

"Marahaba mjukuu wangu. Nimetoka."

Akaketi ukingoni mwa kitanda, akaweka sahani juu ya mto. Zakia akainama. Alijifunza kusoma kwa mkono ule, hakuhitaji kuambiwa. Kidole chake kikaenda juu ya ile nuni iliyoinama, kikasimama hapo bila kugusa.

"Ya Mwalimu."

"Ya Mwalimu. Ya mwisho, aliniandikia mimi nikiugua."

"Umeipata wapi?"

"Sikuipata. Nilikuwa nayo."

Nje mfuaji aliacha kufua.

"Mama alipokuja kwako siku ile ilikuwepo?"

"Ilikuwepo. Juu ya kabati. Nikamwambia kalamu kaichukua Abdala."

Adija alijiandaa kwa lolote. Kufukuzwa angefukuzwa, kupigwa asingekinga uso. Zakia akasema tu, "Kumbe." Akaitazama sahani tena.

"Ulitaka ubaki na mwandiko wake."

"Ndiyo."

"Mimi wangu wamemzika nikiwa bado nimelala. Nilipozinduka wakaniambia tayari. Nawauliza alifanana na nani, kila mtu anasema lake. Mama anasema mimi. Mjomba anasema baba yake. Sikumwona, bibi. Wewe ulikuwa na sahani."

Adija akalichukua bakuli akataka kumimina, akalirudisha nyuma. Maji yakamwagika kidogo kwenye shuka. Zakia akalipokea lile bakuli, akamimina mwenyewe juu ya sahani, polepole, kuanzia juu kushuka chini. Zafarani ilikuwa imekauka miezi, haikuachia upesi. Akaizungusha sahani, akaongeza maji, akaisugua kwa kidole. Aya ikaanza kulegea. Lile tone nene ndilo lililokuwa la mwisho kuondoka. Lilivuta uzi wa manjano, ukakatika, sahani ikawa nyeupe.

Zakia akanywa. Akafika nusu, akasimama, akaisogeza sahani kwa Adija kwa mikono miwili.

"Malizia."

"Yako yote hiyo."

"Si uliandikiwa wewe? Malizia."

Adija akanywa kilichobaki. Marashi yalikuwa yamezidi, na chini kulikuwa na uchungu kidogo wa zafarani iliyokaa. Akaiweka sahani chini. Halafu akalia kwa sauti, kilio cha uwazi kama cha siku ya maziko, mpaka Somoe akaja mbio akasimama mlangoni akidhani mjane amelemewa na msiba wa mumewe. Somoe alikosea. Adija alikuwa anamlilia mtoto wa Zakia, na Zakia alilijua hilo, kwa sababu alimshika bibi huyo mabegani, akamlaza kwenye ile kanga iliyolowa, na wakalia pamoja.